Nani Aligusa Lori Yangu?

Wakati wa vita, wateja wa garaji yetu pale Bunia walianza kuuliza swali jipya: nani aligusa motokari yangu? Hawakuuliza kama fundi anaijua kazi. Walitaka kujua kabila lake. Hadi leo nikilikumbuka swali hilo, damu inanichemka.

Tulikuwa mainjinia wawili wa umeme wa magari. Mwenzangu nilisoma naye Kisangani, na alinipita mbali. Mimi nilihitaji mchoro wa nyaya mbele ya macho. Yeye alikuwa nao kichwani. Vipuri vilipoacha kuja kwa sababu ya barabara kufungwa, yeye ndiye aliyefufua vilivyokufa.

Siku moja mfanyabiashara mmoja alituletea lori la kubebea viazi kutoka Kpandroma. Alternata ilikuwa imeungua, betri haipati chaji. Mwenzangu alikaa siku tatu akiizungushia waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota ya kinu kilichotelekezwa. Vidole vilimchanika.

Mwenye lori akaja, akawasha, taa zikawaka vizuri. Ndipo akauliza, "Nani alitengeneza?"

Patron wetu, mwenye garaji, akamwonyesha mwenzangu kwa kidevu.

"Ile mutu? Hapana! Aliweka kitu ndani, lori inizimikie njiani kule Iga Barrière, watu wake waniue." Akanigeukia mimi. "Toa yote. Weye ndiye ufanye mupya."

Mwenzangu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. "Muzee, nilifanya kazi tu," alisema. Yule hakumtazama hata kidogo.

Nilipaswa kukataa. Nilichukua spana, nikafungua alternata. Ndani waya ulikuwa umelala safi, mstari kwa mstari. Sikugusa kitu. Nikafunga kama nilivyoikuta, nikajipangusa mikono, nikasema, "Sasa iko muzuri."

Akanipiga begani. "Unaona? Hii ndiyo kazi ya mutu wetu."

Nikanyamaza. Mimi, mtu mzima, nikanyamaza!

Wiki ileile patron alimwambia mwenzangu abaki nyumbani mpaka hali itulie. Alipokuwa akikusanya vifaa vyake nilimsogelea. "Ndugu, nilitaka kukusaidia."

"Ulimusaidia yeye," akajibu. Kesho yake akashika njia ya Boga na mke wake, kwa miguu.

Baada ya miezi kadhaa lori likarudi kwa ajili ya taa za nyuma. Mwenye lori alikuwa na furaha. "Alternata yako iko natumika vizuri, fundi!"

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia mbele ya wateja wote, "Si yangu. Ni ya yule mulimufukuza. Mimi sikugusa hata waya moja."

Uso ukamkauka. Patron akanivuta shati. Mwenye lori akapanda, akawasha, injini ikaitika mara moja, akaondoka, wala hakurudi kwetu tena. Patron alininunia, lakini hakunifukuza. Injinia hakubaki mwingine.

Vita vilipotulia nilimwandikia mwenzangu barua, nikaikabidhi kwa dereva aendaye Boga. Nilimwambia yote, tangu spana mpaka shati. Jibu lilikuja. Aliniuliza habari za watoto, akanieleza kuhusu mvua na mihogo yake. Kuhusu lori, hakuna hata neno. Nilikasirika nikaikunja barua kwa nguvu. Heri angenitukana.