Motokaa ya Muhidin Isiyopenda Mlima

“Binti yangu ataingia Elburgon kwa motokaa yangu, na mwenye wivu atembee!” Muhidin, muuza nyama wa Nakuru, alitangaza hivyo nje ya msikiti.

Aliinunua kwa mlowezi: viti laini, nafasi ya watu sita, na injini iliyochukia mlima kama mtoto anavyochukia dawa. Siku ya harusi ikazima mlimani, baada ya kupita Njoro. Kwao bibi harusi hakanyagi chini kabla ya kufika kwa mume, basi Samsam akabaki ndani, wanaume wakasukuma wakiwa na kanzu zao nyeupe.

“Sukumeni! Pilau mlikula ya nini?” shangazi Kuluthum akafoka dirishani.

“Shuka wewe kwanza, dada, tupunguze mzigo!” akahema Muhidin.

Lori la mbao likasimama. Dereva akatazama matope kwenye kanzu. “Mzee, hii umeinunua ama umeioa?”

Muhidin hakucheka. Bwana harusi alikuwa akingoja. “Kutuvuta hadi Elburgon ni pesa ngapi?”

“Shilingi ishirini.” Muhidin akalipa, na binti yake akaingia Elburgon kwa motokaa ya babake, ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mbao.