Pole Katikati ya Mchezo

Nilikwenda kwenye mashindano ya sataranji mjini Moshi ili nisiambiwe pole. Tangu tumzike mke wangu kule Mwika, kila niliyekutana naye aliinamisha kichwa. Hata fundi baiskeli aliyezoea kunitania vibaya alianza kuniita mzee. Nilitamani mtu mmoja tu anione mtu wa kufungwa mchezoni. Sataranji, nilidhani, haina huruma.

Nikapangiwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vipuri, aliyekuwa juu kabisa kwenye orodha ya viwango. Mimi nilikuwa karibu na mkia, tena nikapewa kete nyeusi. Alinisalimia vizuri, akaanza kunichinja taratibu. Ngome yangu moja ikaliwa mapema. Nilifurahi sana.

Nilichosahau ni kwamba ukumbi ule ni wa kanisa. Ibada ya kina mama ilipokwisha, wakapita mlangoni, wakaniona.

"Baba, kumbe uko huku! Pole sana."

"Asante, mama."

"Lakini unakula?"

Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mpinzani wangu alikuwa ameshasogeza kete yake, ila hakubonyeza saa ili wake usimame na wangu uanze kuhesabiwa. Alikaa ameinamisha kichwa, muda wake ukiisha.

"Saa yako inatembea," nikamwambia.

"Siwezi kumbonyezea saa mtu anayepewa pole."

"Bonyeza tu."

"Nyamaza, ndugu yangu. Mama anaongea."

Mama alikuwa akisimulia jinsi marehemu alivyomnyima sufuria ya kuazima. Alisimulia kwa urefu.

Walipoondoka, muda wa yule bwana ulikuwa umebaki kidogo mno. Akaanza kucheza kwa pupa, akamweka malkia wake mahali farasi wangu anapofika. Nikamtazama usoni kwanza, kisha nikamla malkia. Haikupita muda, mfalme wake akakosa pa kwenda.

Watu wakanipa hongera, wengine hongera na pole kwa pamoja. Nikanyong'onyea. Nikaona hata ushindi nimeletewa kama mchango wa msiba.

"Uliniachia?" nikamuuliza.

Uso ukamwiva. "Nikuachie? Nilikuwa nakumaliza! Wewe na kina mama wako mmeniharibia mchezo. Unacheza ovyo, nakwambia, ovyo kabisa! Panga kete. Sasa hivi. Na huo mlango ufungwe!"

Nikapanga. Akanifunga, akanifunga tena, wala hakusema pole.