Namba ya Kitanda cha Saba

Tangu jioni fundi cherehani mmoja, ambaye wateja wake humwita Mama Futi, alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, macho kwenye skrini iliyokuwa mezani kwa muuguzi. Nyuma ya mlango uliofungwa alilala binti yake. Aliletwa juzi hajitambui, sukari imepanda kupita kiasi. Alipozinduka, jambo la kwanza alilomwambia muuguzi ni kwamba mama yake asiingie.

Mwaka mzima walikuwa hawasemezani. Tangu kisukari kimpate binti akiwa na miaka kumi, mama alimwamsha usiku kumtoboa kidole, akampekua begi la shule, akanusa hata vikombe alivyonywea. Binti alipopata kazi alipanga chumba mbali, akabadilisha na namba ya simu. Mama Futi bado alimshonea magauni kwa vipimo vya zamani. Yalining'inia dukani, wateja wakiyaulizia, naye akijibu kwamba yana mwenyewe.

Sasa kazi yake ilikuwa imechukuliwa na kidude kidogo kilichobandikwa mkononi mwa binti, juu ya kiwiko. Kilipima sukari kila baada ya dakika chache na kupeleka namba mezani, wala hakikumwamsha mgonjwa. Mama Futi alikionea wivu.

Saa tisa usiku namba ya kitanda cha saba, cha binti yake, ilianza kushuka. Sita. Tano. Nne kasoro. Kabla hajafungua mdomo, mlio ulisikika mezani, na muuguzi akaingia ndani na glasi ya juisi. Mlango ukafungwa. Mama Futi alijikuta ameshika kitasa. Akikizungusha, nani angemzuia? Akakiachia.

Namba ikapanda taratibu. Nne. Tano. Muuguzi alipotoka, Mama Futi alimsihi amwulize binti kama anaweza kumwona, hata kwa kusimama mlangoni tu. Muuguzi akarudi ndani, akakawia.

"Anasema uje asubuhi saa nne, mama. Ila usimwulize amekula nini."

"Sasa nitamwuliza nini?"

"Mwulize habari za kazi."

Mama Futi aliitikia kwa kichwa. Hakujua hata ni kazi gani. Mlango ulibaki umefungwa, naye akarudi kwenye benchi, akaanza kuyapanga maneno kimyakimya, akiyafumua na kuyapanga upya.