Nililoweka mihogo kwenye bwawa la maji ya vyoo

Wakuu, hamjambo. Naandika kutoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, ng'ambo ya kwetu Kongo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa, na najua mtanicheka.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, mkulima wa mihogo. Mihogo yetu ni michungu, lazima ikae siku tatu nne kwenye maji yaliyotulia ndipo sumu itoke. Sehemu nzuri ya kuloweka kila mtu anaificha.

Basi nyuma ya mji nikaona mabwawa manne yamefuatana. La mwisho lina maji safi, bata wa porini, samaki wanaruka. Nikajisemea, Mungu kanikumbuka leo. Nikapenya uzio, nikazamisha viroba viwili.

Niwaambie kitu. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika ng'ambo ya ziwa, kipindupindu. Tangu hapo mke wangu anachemsha hata maji ya kumnawisha Furaha, binti aliyebaki.

Siku ya nne mke wangu kafagia jiwe la kuanikia, mimi nakwenda kutoa mihogo. Nikadakwa na mfanyakazi wa pale, mzee mwenye gumboots, Ba Bwalya, yaani Mzee Bwalya.

"Iwe! Mutu gani anaweka chakula mu maji ya ma-toilette?"

Nikajitetea kwa heshima, "Lakini tata, maji ni muzuri!"

Nilitegemea polisi. Yeye akacheka mpaka akashika kiuno, akanipeleka bwawa la kwanza.

Wakuu, ile harufu! Uchafu wa mji mzima unaingia pale, mweusi, unatoa mapovu bila moto. La pili kijani kibichi. La tatu limeanza kung'aa. La nne, bata. Hakuna injini, hakuna dawa!

"Nani anasafisha?"

"Jua. Na tududu tudogo, hautuone na macho. Maji inakaa wiki na wiki. Ni sawa mihogo yako, unaiacha tu, sumu inatoka. Lakini ya kunywa, hapana, mukwai," akamalizia kwa heshima.

Kazi ninayoifanya tangu utoto, mji mzima unaifanya kwa kinyesi chake!

Akanionyesha bomba la mwisho. Maji yanaingia kijito, kijito kinakwenda ziwani. Nikakifuata kwa macho. Ni kile kile kinachopita nyuma ya nyumba yangu, anakochezea Furaha.

Hapo nililia, sioni aibu kusema. Miaka yote mzee huyu nisiyemjua alikuwa ananilindia mtoto, na mimi nilikuwa nampelekea kipindupindu viroba viwili.

Mihogo tukaifukia. Nyumbani nikasema kweli yote. Mke wangu akauliza kitu kimoja tu: "Ule mutu anaitwa nani?"

Sasa kila tukivuna anampelekea unga. Na kila mara Ba Bwalya anauliza kwanza, "Muliloweka wapi?"

Funzo: maji safi yana mtu nyuma yake, mheshimuni. Haya wakuu, kwenu maji ya vyoo yanaishia wapi? Mnajua kweli?