Chumvi ya Ivuna

Wengi wetu Tunduma tunachukulia dawa za virusi vya UKIMWI ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ili jirani asituone kwenye foleni. Wa Nakonde nao wanakuja kwetu. Tunapishana mpakani, kila mtu akiangalia viatu vyake. Ujinga mtupu, lakini ndivyo tunavyoishi.

Kwa hiyo macho yangu yalipoingia ukungu na masikio kuanza kuvuma, daktari wa upande wetu hakujua kwamba nina virusi. Alinipa dawa ya matone. Niliposhindwa kutambua sura za wateja wangu ndipo nikamwambia. Alipima damu, akakuta kaswende. Kisha alinichoma sindano mgongoni, akatoa maji ya uti wa mgongo akayapima. Kaswende ilikuwa imeshapanda kichwani.

Nililazwa majuma mawili, penisilini ikiingia kwenye mshipa usiku na mchana. Wenzangu waliletewa uji na ndugu zao. Nyumbani mimi nilikuwa nimeaga kwamba nafuata chumvi kule Ivuna inakotengenezwa, sasa uji angeniletea nani? Muuguzi aliponiuliza ndugu zangu wako wapi, nilimfokea kwamba sina.

Ukungu ulipoondoka nikaruhusiwa. Nikapita sokoni, nikanunua chumvi. Dada yangu, ambaye nakaa naye, aliionja kwa ncha ya kidole.

"Hii ndiyo chumvi," akasema. "Ila umekonda. Safari nyingine usiende peke yako, mdogo wangu. Twende wote."