Entretien ya Siku ya Alhamisi

Ufunguo wa kanisa la Mtakatifu Eloi una urefu wa kiganja kizima. Papa Nicolas Lofemba huuvaa shingoni kwa kamba ya nailoni, chini ya shati, na kwa miaka mitatu sasa hakuna mtu mwingine aliyeuulizia.

Kanisa lenyewe liko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, karibu na reli ya zamani. Wafanyakazi wa reli walilijenga mwaka 1934 kwa matofali yaliyochomwa palepale ukingoni, wakalipa jina la mtakatifu wa wahunzi. Miaka tisini baadaye mchwa waliumaliza moyo wa boriti moja, nayo ikaanguka siku ya Jumanne, saa ambayo hapakuwa na mtu ndani. Wiki hiyohiyo padri wa parokia, Abbé Josué, aliihamishia misa kwenye ukumbi mpya kando ya barabara, wenye mabati yanayong'aa na vipaza sauti viwili. Waumini wakamfuata. Papa Nicolas naye huenda huko kila Jumapili, huketi nyuma, na misa ikiisha hurudi kufungua mlango wa kanisa lililoachwa.

Ana umri wa miaka sabini na moja. Mkewe, Mama Angèle, alifariki mwaka mmoja kabla ya boriti kuanguka. Walifunga ndoa katika kanisa hilo, na hapo ndipo mama huyo alipoimba kwaya mpaka sauti yake ilipokatika. Mtoto wao wa kiume, Dady, yuko Kinshasa. Wa kike, Benie, ameolewa Opala, na simu yake hupatikana siku ambazo mtandao unataka. Zipo wiki ambazo Papa Nicolas hamwambii mtu neno lolote zaidi ya bonjour.

Kila asubuhi huyapanga mabeseni tisa chini ya matundu ya paa. Kisha huzunguka kuta akizigonga kwa mpini wa nyundo, huku ameinamisha sikio. Tabia hiyo aliitoa kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa katika kikosi cha matengenezo cha reli ya kwenda Ubundu, kikosi ambacho wakubwa na wadogo walikiita kwa Kifaransa, brigade d'entretien. Watu wanane walitembea juu ya mataruma kutoka kijiji hadi kijiji, wakigonga chuma, wakikaza skrubu, wakibadilisha mataruma ya mbao yaliyooza. Kifaransa cha Papa Nicolas ni cha shule ya msingi, pamoja na kile kilichotoka kinywani mwa mkuu wa kikosi.

Mwezi wa Agosti, baada ya misa, Abbé Josué alimwita pembeni. Fundi wa jimbo alikuwa amelikagua kanisa na kuandika kwamba ni hatari. Kiangazi cha Januari kikifika lingebomolewa, na matofali yake yangejenga ukuta wa shule. Abbé hakuyasema hayo kwa furaha. Alieleza pia kwamba kuna shirika la ng'ambo linalotoa ruzuku ya kukarabati makanisa ya zamani; fomu zake zilikuwa zimefika parokiani tangu Pasaka, na hakuna aliyezigusa.

"Papa Nico, kama uko na nguvu ya kujaza hii makaratasi, jaza," alisema. "Miye, masomo ya batoto inanimaliza."

Papa Nicolas aliziweka fomu ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda mtumbwi wa kuvusha, pirogi, akavuka kwenda mjini kwa Viviane.

Viviane ni mwanamke wa makamo kutoka Kindu, mwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na soko kuu. Humo huchapa maombi ya kazi, mialiko ya harusi na mashtaka ya viwanja, na ana ulimi usiomwogopa mteja. Kwa siku mbili alimsomea Papa Nicolas maswali, akaandika majibu yake. Mwaka wa ujenzi mzee aliujua. Aina ya matofali aliijua, na chokaa, na mbao za boriti, na upande ambao mvua hupigia. Alitaja hata hesabu ya misumari iliyobaki katika mlango mkubwa, mpaka Viviane akamwambia kwamba fomu haina nafasi ya misumari.

Kisha wakafikia swali la watumiaji wa jengo kwa wiki.

"Batu ngapi?" Viviane aliuliza.

"Moja."

"Papa, andikisha mia mbili. Batu ya parokia si iko?"

"Bale biko ku salle ya mupya. Mule ndani, ni miye tu."

"Bazungu habatatengeneza kanisa ya mutu moja. Hata nyumba ya mutu moja habatengenezaki."

Papa Nicolas alitikisa kichwa. Akasema kwamba kwenye reli, mtu aliyeandika taruma zima mahali palipo na taruma bovu alikuwa anaua watu. Viviane alimtazama, akabonyeza namba moja, akaendelea.

Septemba ilipita bila jibu. Papa Nicolas alikuwa akivuka mto kila Jumatatu kuuliza, kisha akaacha, maana Viviane aliahidi kumwandikia. Mwezi wa Oktoba mvua ilizidi, akaongeza sufuria mbili kwenye mabeseni yake. Ndipo Jumatatu moja simu yake ndogo ikalia, naye akausoma ujumbe akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa:

"Papa Nico, fondation bamejibu! Entretien iko jeudi 10h. Ujitayarishe muzuri. Viviane."

Aliusoma mara nne. Neno entretien alilijua kuliko neno lolote la Kifaransa. Lilikuwa limeandikwa juu ya toroli lao la reli, juu ya sanduku la vyombo, na mgongoni mwa koti lake la kazi. Shirika lilikuwa limejibu: entretien ilikuwa inakuja Alhamisi, saa nne asubuhi, na yeye alitakiwa kujitayarisha.

Alianza mchana uleule. Mafundi hawawezi kusimamisha ngazi katikati ya mabenchi, kwa hiyo yalipaswa kutoka. Yalikuwa arobaini, ya mbao ngumu, kila moja la kubebwa na watu wawili. Yeye aliinua upande mmoja, akaliburuta hatua moja, akaenda upande wa pili, akaliburuta hatua nyingine. Jumanne jioni alikuwa ametoa kumi na tisa. Jirani yake, Mama Rachida, anayeuza maandazi mbele ya uzio, alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Papa Nico, ba-saint bamehama? Mulipigana?"

"Brigade inakuja," Papa Nicolas alijibu.

Mama Rachida alicheka, lakini aliacha maandazi yake akasaidia kubeba mabenchi mawili. Mengine Papa Nicolas aliyamaliza peke yake Jumatano.

Usingizi ulipomtoka Alhamisi alfajiri, aliwasha moto. Zamani, kijiji kilichopokea kikosi kiliwapikia; hiyo ilikuwa desturi ya njia yote hadi Ubundu. Tangu Mama Angèle aondoke hakuwa amepika lituma kwa zaidi ya mtu mmoja. Alichemsha ndizi, akazitwanga mpaka zikalainika, akaweka samaki pembeni, akapanga sahani nane juu ya benchi, chini ya kivuli cha ukuta. Simu alimwachia Mama Rachida aichaji kwenye sola yake, ili jioni iwe na nguvu ya kumpigia Dady na Benie na kuwaeleza kwamba kanisa la mama yao limeanza kutengenezwa.

Saa nne ilifika. Alivaa koti la kazi, ambalo sasa lilikuwa pana mabegani. Kila injini ya pirogi iliposikika mtoni alisimama. Saa sita alizifunika sahani kwa majani. Saa nane alijiambia kwamba kikosi kikitoka mbali huchelewa, kwamba hata wao walichelewa mara nyingi. Aliingia ndani ya kanisa tupu, akaita jina lake mwenyewe mara moja ili kusikia jinsi sauti inavyorudi pasipo mabenchi. Ilirudi kubwa, kama ya mtu mwingine. Akatoka nje haraka.

Viviane alifika karibu saa kumi, viatu mkononi, matope hadi kwenye vifundo. Alikuja na hasira, maana alianza kusema kabla hajafika.

"Tangu asubuhi minakuita! Telefone yako iko wapi?"

"Iko kwa Rachida, inakula moto. Umekuja na ba-ouvriers, bale bafundi?"

"Ba-ouvriers gani?"

"Ya entretien."

Viviane alifungua kinywa, kisha akayaona mabenchi. Aliyatazama yote, safu kwa safu, yalivyopangwa kwenye nyasi kama wakati wa misa. Aliziona sahani nane. Hasira ilimwishia usoni. Aliketi kwenye benchi la kwanza.

"Papa," alisema polepole, "ile entretien haikuwa ya nyundo. Ilikuwa ya kusemezana. Mama wa fondation alipiga ku ordinateur yangu, alitaka kukuuliza maulizo. Alikungojea."

Papa Nicolas aliketi kando yake. Viviane alieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini: kwamba neno hilo Wafaransa wanalitumia pia kwa mahojiano, kwamba alidhani papa angekuja kwake kama kawaida, kwa kuwa kompyuta iko kwake, kwamba alijaribu kujibu kwa niaba yake lakini yule mama, kwa adabu kabisa, alisema kanuni ni kanuni. Mwombaji asipoonekana, faili linafungwa hadi mwaka unaofuata. Na mwaka unaofuata, wote wawili walijua, pangekuwa na ukuta wa shule.

"Myaka makumi tatu na moja," Papa Nicolas alisema mwishowe, "hili neno halikunidanganya hata siku moja."

Aliondoa majani kwenye sahani mbili, akampa Viviane moja. Lituma lilikuwa limepoa na kukakamaa. Walikula hivyohivyo. Kabla ya kuondoka, Viviane alipiga picha kwa simu yake: mabenchi, sahani sita zilizobaki, sakafu iliyofagiliwa, mzee mwenye koti lenye neno lililofifia mgongoni. Hakueleza picha ni za nini, naye papa hakuuliza.

Ijumaa mvua ilinyesha. Ilimchukua siku tano kuyarudisha mabenchi yote ndani, na mawili kati yake yalipasuka. Kwa Dady na Benie hakupiga simu. Jumapili hakwenda ukumbini. Aliketi ndani ya kanisa akisikiliza kwaya kutoka kwenye vipaza sauti, wimbo ukimfikia nusu nusu kadiri upepo ulivyotaka.

Mwisho wa Novemba, Viviane alivuka mto kwa mara ya pili. Safari hii hakutaka kuandika ujumbe. Alikuwa amewatumia wale watu wa shirika picha pamoja na barua, akawaeleza kosa la neno kama lilivyotokea, bila kupamba. Jibu lilikuwa limekuja kwa Kifaransa cha ofisi. Faili la ukarabati lilibaki limefungwa. Lakini shirika lilikuwa na mfuko mwingine mdogo, wa matunzo ya kawaida ya majengo yanayongoja ukarabati: mabati, mifereji ya paa, misumari, dawa ya mchwa. Mfuko huo haukuhitaji mahojiano. Ulihitaji mtu mmoja mwenye jina, atakayejaza daftari la kazi kila wiki na kutuma picha kila mwezi.

Viviane aliweka kidole juu ya kichwa cha karatasi, na Papa Nicolas akasoma mwenyewe: Entretien courant.

"Hii njo ya nyundo?" aliuliza.

"Hii njo ya nyundo, papa. Niliuliza mara mbili."

Kibali kilihitaji sahihi ya padri. Abbé Josué aliisoma karatasi akiwa amesimama, akauliza kama kweli ni mtu mmoja tu atakayefanya kazi hiyo yote, akatia sahihi. Aliahidi kwamba daftari likijazwa, hakuna atakayegusa tofali kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo wataona.

Kwa hiyo Januari ilipofika, waliokuja kwenye kanisa la Mtakatifu Eloi hawakuwa wabomoaji. Walikuwa mafundi wawili wa kukodi, waliokaa siku nne, wakaezeka mabati upande wa kaskazini, wakaondoka. Boriti iliyokosekana haikurudishwa. Fedha hazikuwa za kazi kubwa namna hiyo. Papa Nicolas aliwaonyesha jinsi ya kuiegemeza boriti iliyo kando yake kwa vipande viwili vya reli ya zamani, kama kikosi kilivyofanya kwenye madaraja. Yaliyobaki anayafanya mwenyewe, taratibu, kwa ngazi ya kuazima.

Kila mwisho wa mwezi huvuka kwenda kwa Viviane na daftari lake. Swali la watumiaji wa jengo limo pia katika fomu hii.

"Safari hii andikisha mbili," Viviane alimwambia mwezi wa Februari. "Miye si nilikuja?"

"Ulikuja kula."

Viviane alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaandika moja.

Papa Nicolas alirudi Lubunga kwa pirogi ya saa tisa. Mvua ilikuwa imeanza kidogo. Alifungua mlango, akayahesabu mabeseni, ambayo sasa ni manne, akazunguka ukuta akiugonga kwa mpini na kungoja mlio wake. Alipomaliza aliketi kwenye mojawapo ya mabenchi yaliyopasuka, akaandika katika daftari: Alhamisi. Ukuta wa mto, mzima. Boriti ya tatu, nzima. Hakuna aliyekuja. Kisha akaufunga mlango na kuurudisha ufunguo chini ya shati.