Kisanduku Kilicholambwa na Mbwa

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na navaa ninja, uso wote umefunikwa isipokuwa macho. Mambo haya mawili hayajawahi kugombana mwilini mwangu. Wanaoyagombanisha ni watu wengine, na hawachoki.

Asubuhi moja ya kampeni ya chanjo ya polio tuliambiwa tupitie hoteli moja ya Diani kabla ya kuelekea vijijini, kwa sababu wafadhili wazungu walitaka kuona dawa inavyobebwa. Wenzangu watatu walipita langoni wakicheka. Mimi nikasimamishwa. Nachechemea, maana polio yenyewe ilinikamata mguu wa kushoto nikiwa na miaka miwili. Basi mwanamke aliyefunika uso, anayechechemea, na kisanduku kilichofungwa mkononi, alimtoa mlinzi jasho. Aliniamuru nikiweke chini nisogee mbali. Kisha akaleta mbwa.

"Mwanangu, hiyo ni dawa ya watoto," nilimwambia. "Mwondoe mbwa, nitakifungua mwenyewe."

Hakunisikiliza. Mbwa alikinusa, akakizunguka, halafu kwa kuwa kilikuwa kikivuja maji ya barafu, akakilamba kifuniko chote kwa raha zake. Wenzangu wakashika vinywa. Nilikasirika mno.

Mmoja wa wale wafadhili, mama wa makamo, alikuja mbio kuomba radhi. Nikaipokea. Lakini palepale akauliza, kupitia kwa mkalimani, kama mume wangu ndiye anayenilazimisha kujifunika. Nikamjibu kwamba mume wangu yuko kaburini mwaka wa sita huu, na hata alipokuwa hai hakuweza kunilazimisha kupika samaki nisiyemtaka. Sikungoja picha walizotaka kutupiga. Nilikitia kisanduku kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda bodaboda hadi Mkongani.

Huko Mkongani yuko mtoto wa kiume wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi baada ya mama yake kufariki. Alikuwa amejiunga na vijana waliouhama msikiti wetu, wanaosema maulidi ni uzushi, hospitali ni mtego, na matone ya polio ni sumu ya kuwafanya watoto wetu tasa. Binti yake alikuwa na miezi minane, hajaonja hata tone moja. Nilikuwa nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilirudishwa mlangoni. Niliapa kwamba mara ya tatu sirudi bila kumchanja.

Nilimkuta uani.

"Shikamoo, mama mdogo." Heshima yangu hakuwahi kuipunguza.

"Marahaba. Usikiguse hiki, kimelambwa na mbwa. Nipe maji na mchanga safi."

Maneno ya kunifukuza alikuwa nayo tayari, lakini hili hakulitarajia. Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Sheria hiyo aliijua kama niijuavyo, kwani nilimpeleka mwenyewe chuo cha Kurani. Akaleta ndoo, kata na mchanga. Nilipotaka kuichukua kata, akaizuia.

"Wewe sugua, mimi nitamwaga."

Akamwaga huku akihesabu. Kwenye ya tatu alishindwa kunyamaza. Nilikuwa nimeshamweleza ya langoni.

"Wamekufanyia hivi, na bado wawafanyia kazi?"

"Siwafanyii wao. Wao waniona nina bomu, ninyi mwaniona nina sumu, na kisanduku ni hiki kimoja. Mguu huu ulipokufa, hakuwako mzungu wala shekhe wa kunibeba. Ulikuwako mgongo wa mamako tu. Mwaga."

Akamwaga ya nne, ya tano, ya sita. Baada ya ya saba akasema kwa sauti ndogo, "Kimetwaharika."

Nikakifungua. Kwenye kila chupa kuna kimraba kidogo kinachogeuka rangi dawa ikiharibiwa na joto. Vyote vilikuwa vyeupe bado, nikamwonyesha.

"Mlete mtoto."

"Wenzangu wakijua..."

"Watajua. Mlete."

Akaingia ndani, akatoka na binti yake kifuani. Nilimtia matone mawili, naye akakunja uso kama aliyeonja ukwaju. Nikatoa kalamu ya wino, ile tunayompakia kila aliyechanjwa kwenye kidole cha mwisho.

"Huo wino usimpake, mama mdogo. Hautoki upesi. Watauona."

Nilimhurumia, sikatai. Ningeweza kuandika kwenye fomu kwamba nimempaka, na nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka kutenda jema kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

"Uso wangu naufunika kwa hiari yangu," nilimwambia. "Kazi yangu siifuniki."

Mtoto alikuwa amekunja ngumi. Baba yake alikikunjua kidole kile mwenyewe, taratibu, akakishikilia mpaka nilipomaliza kupaka.